Ini Lenye Mafuta: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaanza Tiba

Majibu ya ultrasaundi yakisema ini lako lina mafuta, usikimbilie dawa ya ini kabla hujauliza hali ya moyo wako, kwa sababu kinachowaua zaidi wagonjwa hawa ni maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Ini la namna hiyo humwaga trigliseridi, aina ya mafuta, nyingi mno kwenye damu, huku lehemu (kolesteroli) nzuri ikipungua na mwili ukishindwa kuitumia insulini ipasavyo. Hali hiyo ikidumu miaka, lehemu mbaya hujijenga ndani ya kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, na mishipa hiyo hukakamaa na njia yake ya damu kuwa nyembamba pasipo maumivu yoyote.

Pima shinikizo la damu, sukari na lehemu. Pima kiuno pia. Sigara iache, na pombe vilevile. Vimeng'enya vya ini, yaani protini za ini zinazopimwa kwenye damu, vikisomeka kawaida visikutulize, kwani mafuta yanaweza kuwapo hata hivyo. Mwombe daktari akokotoe FIB-4, hesabu inayokadiria makovu ya ini kwa kutumia umri, vimeng'enya viwili na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda.

Ukiwa unameza statini, dawa ya kupunguza lehemu, usiiache kwa kauli ya mtu asiye daktari. Mjomba wangu alikuwa akiimeza kwa ajili ya lehemu, na alipoambiwa kuwa ini lake lina mafuta, jirani akamhakikishia kwamba vidonge hivyo ndivyo vilivyoliharibu. Akaviacha kimyakimya, akaanza kunywa mchanganyiko wa mizizi uliouzwa kuwa ni wa kusafisha ini. Akapungua mwili, nasi tukafurahi. Baada ya miezi kadhaa alipata mshtuko wa moyo akiwa dukani kwake, na waliompokea hospitalini walitueleza kwamba ateri moja ilikuwa karibu kuziba kabisa. Alinusurika, lakini hadi leo hapandi ngazi bila kupumzika njiani. Statini ni salama kwa wengi wenye ini lenye mafuta, na mara nyingi hao ndio wanaoihitaji. Anayepaswa kuisitisha ni daktari, hasa pale ini linapokuwa limeshindwa kazi.

Kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini, na asilimia 7 hadi 10 huleta nafuu kubwa zaidi, ila punguza polepole, na kila dawa ya kienyeji unayokunywa itaje kliniki. Kifua kikibana, jasho likikutoka ghafla, au maumivu yakipanda tayani na mkononi, usinywe dawa ya gesi ukasubiri kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyohiyo.