Somo: Jina lako halimo kwenye orodha ya kwanza. Ufanye nini ukingoja ya pili?

Tangu vyuo vikuu vya hapa Uganda vibandike orodha za kwanza za waliochaguliwa, simu yangu haitulii. Wanafunzi wangu wa S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, na wazazi wao wananiuliza swali moja: "Mwalimu, tungoje tu?" Ngojeni, ndiyo, lakini msingoje kwa kukaa. Mwaka 2020 mimi nilingoja kwa kukaa, nikapoteza nafasi.

Matokeo yetu ya UACE, mtihani wa mwisho wa S6, yalitoka wiki chache kabla ya shule na vyuo kufungwa kwa ajili ya korona tarehe 20 Machi 2020. Baadaye chuo kimoja kikanipa kozi niliyoiweka ya tatu. Kozi niliyoitaka ilikuwa kwenye chuo kingine, na huko jina langu halikuonekana. Nikajiambia orodha ya pili itanichukua. Mwaka ule wilaya za mpakani zilikosa mabasi kwa muda mrefu kuliko kwingine, na sisi Arua tumepakana na Kongo. Sikusafiri, sikupiga simu, sikumtuma mtu. Siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi ikapita, nami naisubiri orodha ambayo hata sikujua hutengenezwa vipi.

Hatua ya kwanza: jua kwa nini orodha husogea

Serikali hufadhili wanafunzi kama 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Nafasi nyingi hugawiwa kwa ushindani wa taifa zima, nyingine kwa mgao wa wilaya, na chache ni za wanamichezo na za wenye ulemavu. Sasa mfikirie mwanafunzi aliyefaulu sana. Ameomba ufadhili wa serikali, na pia ameomba kujilipia Makerere, Kyambogo na Mbarara. Jina lake linaweza kutokea mara tatu au nne, na yeye atakalia kiti kimoja tu. Vile viti vingine vinabaki wazi, ila chuo hakivioni mpaka muda wa kuripoti na kujiandikisha upite. Hapo ndipo orodha ya pili inapozaliwa.

Kwa hiyo orodha ya pili haitoki kwa huruma ya mtu. Inatoka kwenye viti vilivyoachwa katika kozi ile uliyoomba. Kama kozi yako haina kiti kilichoachwa, hata ungekuwa wa kwanza kati ya wanaongoja, hutaitwa.

Hatua ya pili: piga hesabu yako mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanahesabu vibaya. Mtoto anakwambia "nina pointi 12" na anajilinganisha na jirani mwenye 12. Chuo hakihesabu hivyo. Kinapima uzito wa masomo kulingana na kozi.

Alama za UACE ni hizi: A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1. Kila kozi ina masomo mawili ya msingi, ambayo huzidishwa kwa 3. Somo linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2. General Paper, yaani karatasi ya maarifa ya jumla, na lile somo dogo, kompyuta au hisabati ndogo, ukifaulu huleta pointi 1 kila moja.

Chukua mtu mwenye Hisabati A, Uchumi C, Jiografia E. Kwenye kozi ambayo Hisabati na Uchumi ndiyo ya msingi, atapata 18 na 12, kisha 4 za Jiografia: jumla 34. Mtu huyohuyo akiomba kozi ambayo Uchumi na Jiografia ndiyo ya msingi, atapata 12 na 6, na Hisabati yake nzuri itampa 12 tu: jumla 30. Karatasi ya matokeo ni ileile, na tofauti ni pointi nne. Waombaji wanaachana kwa sehemu ya kumi ya pointi, basi hizo nne ni nyingi mno.

Ongeza 2 za General Paper na kompyuta. Kisha ongeza UCE, ule mtihani wa kidato cha nne (S4). Kwa vyeti vyenye madaraja ya namba badala ya herufi, kila daraja la 1 au 2 ni 0.3, la 3 hadi 6 ni 0.2, la 7 na 8 ni 0.1. Mwenye masomo matatu ya daraja la juu na matano ya katikati anapata 1.9. Huyu wetu sasa ana 37.9 kwa kozi ya kwanza na 33.9 kwa ya pili. Wasichana, angalieni pia kama chuo kinawaongezea 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990.

Ukishapata hesabu yako, ilinganishe na pointi za mwisho kuingia katika kozi hiyo, zile chuo kinazotangaza pamoja na orodha. Ukipungukiwa na 0.4, una sababu ya kungoja. Ukipungukiwa na 5, tafadhali usimfungie mzazi wako pesa kwa ajili ya ngojangoja.

Hatua ya tatu: shika kiti ulichopewa

Kama kuna chuo chochote kilichokuita, thibitisha. Soma barua ya kuitwa mpaka mwisho, utafute tarehe mbili: ya kuripoti na ya mwisho kulipa. Ziandike ukutani, mama azione na baba azione. Kiti cha mkononi kina tarehe, na tarehe hiyo haikungojei wewe.

Najua pesa ndiyo inayouma. Familia inaogopa kulipa huku halafu uitwe kule. Lakini muulize mhasibu wa chuo ni kiasi gani cha chini kinachoshikilia nafasi, maana mara nyingi si ada yote ya muhula.

Hatua ya nne: safisha karatasi zako

Barua ya kulia shida haiongezi pointi hata moja. Barua yenye kazi ni ya kurekebisha kosa. Linganisha jina lililo kwenye matokeo ya UNEB, baraza la mitihani, kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye fomu ya maombi. Angalia namba ya mtihani na mwaka. Nimemwona mwanafunzi aliyeachwa nje kwa sababu somo moja liliingizwa na alama isiyo yake. Ukiona kosa, peleka nakala ofisi ya udahili mapema, na uombe muhuri kwenye nakala unayobaki nayo.

Hatua ya tano: weka mlango mwingine wazi

Angalia vyuo vya mbali na Kampala. Muni hapa Arua, Gulu, Lira, Soroti, Busitema na Kabale vyote ni vya umma. Diploma nayo ni njia, kwa sababu vyuo vikuu huwapokea wenye diploma kwa mpango wao maalumu. Kabla ya kulipa popote, hakikisha kozi hiyo imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mzazi, Kasese: Habari mwalimu. Kuna kijana anasema ana mtu ndani, nikimtumia laki tano kwa simu jina la binti yangu litaingia orodha ya pili. Nimtumie?*

Usimtumie hata shilingi, mama. Malipo ya chuo cha umma hupita kwenye PRN, ile namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa chuo, na unalipa benki au kwa simu kwa namba hiyo. Haiendi kwenye namba ya mtu. Piga hesabu ya binti yako kama nilivyoonyesha. Kama pointi zinatosha, hamhitaji mtu wa ndani. Kama hazitoshi, huyo kijana atakula pesa na mtoto atabaki nje.

*Mwanachama, Busia: PRN niliyotoa mwezi uliopita inakataa benki. Nimekosa nafasi?*

Bado. PRN huisha muda wake. Ingia tena kwenye akaunti yako ya maombi, utoe mpya, ulipe mapema. Usiazime ya mwenzako, malipo yatasomeka kwa jina lake.

*Mwanachama, Bombo: Asalaam aleikum mwalimu. Nimeitwa kwa kozi yangu ya nne, kujilipia. Nikiingia, naweza kuhamia ya kwanza?*

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Vyuo hufungua muda mfupi wa kubadilisha kozi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza. Wanatazama mambo mawili: kozi unayoitaka iwe na kiti, na uzito wako ufikie pointi za mwisho za kozi hiyo. Kwa hiyo njoo na hesabu yako mkononi. Ila nikuombe kitu: isome ile kozi ya nne vizuri kabla hujaikataa moyoni. Kozi niliyopata mimi 2021, baada ya kukosa zote mbili, ndiyo iliyonileta darasani ninakofundisha leo.

*Mwanachama, Jinja: Baba alipoteza kazi. Mkopo wa serikali naweza kuomba sasa, au mpaka orodha itoke?*

Pole sana, na umfikishie baba salamu. Bodi ya mikopo, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, humkopesha aliyekwisha kupata nafasi katika chuo kinachoshirikiana nayo. Mkopo hulipa ada ya masomo na ada nyingine za chuo, lakini chakula na chumba ni juu yenu. Hii ni sababu nyingine ya kushika kiti ulicho nacho, kwa kuwa bila barua ya kuitwa huna cha kuambatanisha. Andaa sasa taarifa za kipato cha nyumbani na za mdhamini, na uangalie kila wiki kama dirisha la maombi limefunguliwa. Ukikwama kwenye fomu, niandikie tuijaze pamoja Jumamosi.