Somo: Kupanga spektromita ya darubini ya redio kwa mstari wa hidrojeni

Leo tunashughulika na spektromita peke yake, ule mtambo au programu inayokaa nyuma ya kipokezi na kuyagawa mawimbi katika chaneli. Antena na amplifaya nachukulia ziko tayari. Mfano wetu ni mstari wa hidrojeni wa sentimita 21, yaani mawimbi ambayo gesi ya hidrojeni angani hutoa kwenye masafa ya MHz 1420.4058, kwa sababu una huruma: ukikosea kidogo bado utauona.

Hatua ya 1: Anza na mstari, mashine baadaye

Wengi wakifungua programu huvuta kila kitu hadi mwisho, kisha hushangaa mbona picha imejaa chenga. Gesi ikija kwetu au ikienda mbali, mstari wake huhama kimasafa, kwa hiyo jiulize kwanza unataka kuona kasi gani. Kwenye masafa haya, kilomita 1 kwa sekunde ni sawa na kHz 4.74. Bendi ya MHz 2.4 inafunika kilomita 506 kwa sekunde hivi, na hizo zinaitosha gesi ya Njia Nyeupe hata baada ya kutupa kingo, ambako kichujio hulegea. Ukiigawa kwa chaneli 1024, kila chaneli ina upana wa kHz 2.34, yaani nusu kilomita kwa sekunde. Kwa hidrojeni hapo pametosha.

Hatua ya 2: Usiuweke mstari katikati

Vipokezi vingi vya bei nafuu vina mwiba katikati ya bendi, pale penye masafa ya osileta, yaani masafa uliyokitegea kipokezi. Ukiweka osileta kwenye MHz 1420.4, mwiba utakaa juu ya mstari wako kama nzi kwenye kidonda. Weka MHz 1420.0. Tukihesabu kuanzia sifuri, mwiba utakuwa chaneli ya 512, na hidrojeni isiyo na mwendo kwetu itaangukia chaneli ya 685. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi uzibandike karibu na meza. Utazihitaji kila mara.

Hatua ya 3: Kiwango cha kuingilia

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Zima ukuzaji wa kiotomatiki, AGC. Niliwahi kupoteza usiku mzima kwa sababu ya kitufe hicho: nawasha dayodi ya kelele, kifaa cha kuingiza kelele ya majaribio, nguvu haipandi, nazima, haishuki. Nikafungua viunganishi vyote nikitafuta kebo iliyokatika. Kumbe AGC ilikuwa inashusha ukuzaji kila nilipoongeza kelele. Kipokezi kilikuwa kizima, ila kilikuwa kinanificha ukweli.

Ukishaizima, chora histogramu ya sampuli ghafi. Kwa kigeuzi cha biti 8, kile kinachogeuza mawimbi kuwa namba, namba huenda kutoka -128 hadi 127. Unataka kengele laini yenye mtawanyiko wa kawaida wa 20 hadi 30. Ukiona nguzo mbili zimesimama kwenye ncha, unakata vilele, punguza. Ukiona kengele nyembamba yenye ngazi tatu nne tu, ongeza. Fanya hivyo antena ikiwa imeelekea angani, kisha rudia ikitazama ardhi, maana ardhi ina joto na itapandisha kiwango. Pote pawili pasikatwe kitu.

Hatua ya 4: Dirisha

Kabla ya FFT, hesabu inayogawa sampuli katika chaneli, pitisha sampuli kwenye dirisha la Hann, linalofifisha ncha za kila kipande cha sampuli, au tumia benki ya vichujio vya polifezi kama programu yako inayo. Bila hivyo, mwingilio mmoja mkali humwagika hadi chaneli za mbali.

Hatua ya 5: Muda

Joto la mfumo, yaani kelele yote ya kipokezi na anga ikipimwa kama joto, likiwa Kelvini 100, chaneli ya Hz 2343.75 ikikusanywa sekunde 60 inabaki na kelele ya Kelvini 0.27: zidisha upana kwa muda, tafuta kipeuo cha pili, unapata 375, kisha gawa 100 kwa hiyo. Hidrojeni kwenye mkanda wa Njia Nyeupe hufika makumi ya Kelvini, kwa hiyo dakika moja ni nyingi. Ila usiandike faili moja la dakika nzima. Andika spektra kila sekunde, ili mwingilio ukipita utupe sekunde hiyo tu.

Hatua ya 6: Rejea

Elekeza antena mbali na mkanda, kusanya spektra ya rejea kwa muda uleule, itoe kwenye spektra ya mstari, gawa kwa rejea hiyo, zidisha kwa joto la mfumo. Umbo la kichujio litafutika.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina kilele chembamba ambacho hakihami hata nikigeuza antena. Ni hidrojeni?*

Marahaba. Sogeza osileta kwa kHz 100. Kitu cha angani kitahama chaneli 43 hivi. Kikibaki palepale, kinatoka ndani ya kipokezi chako.

*Ndugu, mimi nikipandisha osileta mstari unahamia upande wa juu badala ya chini.*

Spektra yako imegeuzwa. Ama osileta ya kigeuzi cha masafa cha kwanza iko juu ya mstari, ama umebadilishana I na Q, zile njia mbili za sampuli za kipokezi. Pindua mpangilio wa chaneli kwenye programu, usiguse kebo.

*Kasi zangu zinapishana na ramani za hidrojeni kwa kilomita 20 na zaidi, na mwezi uliopita tofauti ilikuwa nyingine.*

Hujarekebisha mwendo wa Dunia. Tunalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na Jua lenyewe linakwenda 20 hivi kati ya nyota jirani. Ukisharekebisha, angalia kioo cha osileta: kosa la sehemu 20 kwa milioni ni kHz 28, karibu kilomita 6 kwa sekunde.

*Kompyuta yangu ina nguvu. Niweke chaneli 16384?*

Unaweza, lakini kila chaneli itakuwa nyembamba mara 16 na kelele itapanda mara 4, Kelvini 1.07 kwa dakika ileile. Ukiziunganisha baadaye unarudi ulikotoka, ukiwa umebeba faili kubwa mara 16. Chaneli nyingi hizo zihifadhi kwa siku utakapofuata maser za OH (miale mikali ya redio ya molekuli za hidroksili) kwenye MHz 1665 na 1667, ambazo mistari yake ni myembamba kweli. Siku hiyo badilisha pia kichujio cha mbele, maana cha hidrojeni kitazizuia.