Kadigani ya kroshia kwa joto la Dar: pembesita mbili tu

Wateja wangu wengi wanafanya kazi maofisini Posta. Nje jasho, ndani kiyoyozi kinawatetemesha, kwa hiyo wanataka kitu cha kutupia juu ya gauni na kukivua kabla hawajapanda daladala. Hii ndiyo ninayowafumia zaidi, maana haina hesabu za kukata kwapa wala shingo.

Uzi. Chukua wa pamba. Akriliki ni bei nafuu na ina rangi za kupendeza, ila kwa joto letu inakuchemsha. Ukienda Kariakoo nunua madonge yote siku hiyohiyo, na ulinganishe namba ya rangi na ya toleo (lot) kwenye karatasi ya kila donge. Mimi nilipungukiwa donge moja, nikarudi wiki iliyofuata. Mkono wa kushoto ukatoka rangi ya maziwa, wa kulia rangi ya chai ya maziwa. Kroshia iwe namba 4.

Kipimo. Pima kifua, gawa kwa mbili, ongeza sentimita 4. Kifua cha 92 kinakupa 50. Huo ndio urefu wa upande mmoja wa pembesita, kona hadi kona.

Kufuma. Anza na cheni 4, unganisha iwe duara. Tutatumia fundo refu: zungushia uzi mara moja kwenye kroshia, chomeka, vuta, kisha toa mbilimbili mara mbili. Ndani ya duara weka mafungu 6 ya mafundo matatumatatu, na baada ya kila fungu cheni 2. Hizo cheni ndizo kona zako sita. Cheni 3 za kuanzia mzunguko zihesabu kama fundo la kwanza.

Mzunguko wa pili, kila kona inapata fungu, cheni 2, fungu. Kuanzia wa tatu, kona ni vilevile, na kila nafasi kati ya mafungu inapata fungu moja. Kujikagua ni rahisi: mzunguko wa 8, kila upande una mafungu 8.

Sasa sikiliza. Ukifika mzunguko wa nne au wa tano, kazi itaanza kujikunjakunja kama jani la kabichi. Usifumue! Kila kona hapo ni kona ya mraba, nyuzi 90. Kona nne zingelala bapa mezani kwa sababu zinatimiza 360. Wewe una sita, yaani 540, lazima zitafute pa kwenda. Ikunje katikati uone: inakaa kama herufi L. Mguu mmoja ni mkono wa nguo, mwingine ni kiwiliwili, na pale ulipoanzia ndipo kwapani. Dada mmoja niliyemfundisha alifumua mara tatu kabla hajaniuliza.

Upande ukifikia kipimo chako, acha. Fuma ya pili iliyo sawa na hiyo.

Kuunga. Laza L mbili zikitazamana, shona mgongo katikati. Kisha shona juu ya kila bega kuanzia mkononi kuelekea shingoni, uishie sentimita 8 kabla ya mshono wa mgongo. Mikono itafika kama kwenye kiwiko. Anayetaka mirefu mwongezee mizunguko.

Ukiifua usiianike kwenye kamba. Pamba ikilowa ni nzito, itajivuta hadi magotini. Itandaze kwenye mkeka, kivulini.