Ukienda kwenye theluji anza na miguu

Kwa yeyote hapa Kisumu anajipanga kuhamia Buffalo kule Marekani ama pande zile za theluji, tafadhali usimalize pesa yote kwa koti ukasahau miguu. Nimekaa huko winta tatu, sai niko nyumbani likizo, na baridi ya kule inaanzia chini. Buti nunua ukifika, zile za soli ya mpira yenye meno, na uchukue saizi moja juu ndio soksi nene iingie vizuri, maana kiatu kikibana damu haitembei na vidole vinakufa ganzi hata ukivaa soksi mbili. Soksi ziwe za sufu, si pamba, pamba ikishika jasho inakaa na maji na hapo ndio unaganda. Sweta za sufu utapata soko la Kibuye kwa mitumba, geuza shingo usome lebo kwanza.

Theluji ya Buffalo inaletwa na Ziwa Erie, upepo baridi unapita juu ya maji yenye joto kiasi unabeba unyevu halafu unaumwaga nchi kavu, yaani vile ziwa letu hutuletea mvua. Inaweza kufika magotini usiku mmoja tu, si mchezo.

Na asubuhi ukiona lami inang'aa kama imemwagiwa maji, hiyo ni barafu jamani. Hatua fupi, kanyaga na mguu wote, na mikono itoke mfukoni, vaa glavu, ndio ukiteleza uweze kujishika.