Kutua tanga kabla dhoruba haijafika: kwa wenye mashua Tanga na Pangani

Mpwa wangu kapata mashua ya mita nane ya kupelekea wageni Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani, na kila tukikutana swali ni lile lile: "Mjomba, dhoruba ikinikuta katikati nikimbilie wapi?" Usikimbilie popote kabla hujatua tanga, yaani kulishusha. Haya ndiyo niliyomweleza, kwa chombo chenye mlingoti mmoja, tanga la pembe tatu, foromali (ule mti unaobeba tanga), na mabaharia watatu mbali na mshika kana, yaani usukani, na wageni.

Hatua ya 1: Kabla ya kung'oa nanga

Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, hiyo ni siku ya kushona tanga. Jaketi okozi zivaliwe tangu ufukweni; kuna manahodha wanaozifanya mito ya kukalia. Majina ya waliomo na saa ya kurudi mwachie mtu wa nchi kavu. Mengine unayajua.

Hatua ya 2: Lisome wingu

Kusi ya Juni hadi Agosti ni kali lakini haina hila, ukiamka unaiona. Wa kuogopa ni upepo wa ghafla unaoshuka na wingu la mvua, hasa masika na vuli, kusi na kaskazi zinapopokezana. Kwanza upepo unakufa, tanga linaning'inia, joto linabana. Kisha chini ya wingu maji yanageuka meusi na ule weusi unasogea, mbele yake pana ufito wa povu. Ubaridi ukikupiga shavuni, muda wako umekwisha.

Kwa hiyo hesabu mapema. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Sekunde 30 ni kilomita 10, na wingu linalokwenda kilomita 40 kwa saa litakufikia kwa robo saa. Mimi hapo nishaanza kutua. Wageni watashangaa mbona jua bado linawaka, waache washangae. Upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 40, msukumo wake kwenye tanga unakuwa mara nne, na mashua iliyokuwa inakwenda raha mustarehe inalala ubavu.

Hatua ya 3: Kutua tanga

Hapa nitakaa, maana ndipo vyombo vinapopotelea.

Anza na jarari, kamba ya kupandishia na kushushia foromali. Ikae sakafuni imezungushwa mizunguko mipana, isikaliwe na mtu, isiwekewe deli la soda juu yake. Aina ya kamba nayo ina maneno. Nailoni siitaki kwenye jarari: inavutika, na ikikutoka mkononi kwa kasi inaondoka na ngozi ya kiganja. Najua mji wetu ni wa mkonge, lakini kamba ya katani ikilowa inavimba na kukakamaa, haipiti vizuri kwenye abedari, ile kapi ya juu ya mlingoti. Nunua ya polista iliyosukwa, hata kama bei inauma.

Unene wa kamba ulingane na mfereji wa gurudumu la abedari. Watu wananicheka nikipima hilo dukani kwa kidole. Chombo kimoja nilichosafiri nacho kutoka Wete, Pemba, kilikuwa kimevalishwa jarari mpya, nyembamba kuliko ile mfereji uliyoizoea. Upepo ulipopiga, foromali ilishuka kama pima moja, karibu mita mbili, ikagoma. Kamba ilikuwa imeruka mfereji na kujibana kati ya gurudumu na shavu la abedari, na kadiri tulivyokuwa tukiisukuma foromali chini ndivyo ilivyozidi kukaza. Karibu usiku mzima tulipelekwa na nusu ya tanga juu, kijana mmoja akitaka kupanda mlingotini na kisu, nahodha akimzuia. Ilikuja kutoka pale upepo ulipopumzika kidogo: wanaume wawili waliivuta jarari JUU, kana kwamba tunatweka, yaani tunapandisha tanga, uzito ukaondoka pale palipobana, ikaruka yenyewe. Kumbuka hilo. Ikikwama, vuta juu kwanza ndipo uiachie.

Sasa mwelekeo. Usitue ukiwa na upepo mzito tezini, yaani nyuma ya chombo. Tanga lililojaa linaisukuma foromali kwenye mlingoti, na ile kamba inayoifungia mlingotini inang'ang'ania. Mshika kana apandishe omo, mbele ya chombo, kuelekea upepo polepole, mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kutetema, aishie hapo. Akipitiliza, upepo unaingia upande wa mbele, tanga linajibandika mlingotini, halishuki wala haliendi, na mlingoti unaweza kuvunjika. Ndiyo sababu kwenye kana namweka mtu mzima aliyetulia, hata kama vijana wana nguvu kumshinda. Na wakati huo asitokee mtu wa kusema tulihamishie tanga upande wa pili. Hapana.

Kisha mikono. Wa kwanza anaachia demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga. Demani haifungwi fundo, siku yoyote: mzungusho mmoja, na ncha iko mkononi mwa mtu. Upepo ukikuwahi kabla hujajipanga, hii ndiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kugeuza omo. Wa pili yuko kwenye jarari, ameizungusha mara mbili kwenye kigingi, anaipa kamba kidogo kidogo. Akiiacha yote, foromali inashuka kwa uzito wake wote juu ya vichwa vya watu. Wa tatu anakusanya kitambaa na kukiingiza ndani ya chombo kisiguse maji, maana tanga likichota maji watu watatu hawalitoi. Wageni wakae sakafuni, upande wa joshini, unakotoka upepo, wasishike chochote cha kuvutwa.

Kisu chenye meno kining'inie kwenye kigingi cha jarari kwa uzi wake. Pakiwa hapana budi kukata, kata demani. Jarari usiikate kama kuna mtu chini.

Foromali ikishafika, ilaze kwa urefu wa chombo, uifunge omo na tezi pamoja na tanga lake.

Hatua ya 4: Kukaa bila tanga

Mawimbi yasikukute ubavuni. Chukua turubai, unganisha pembe zake nne kwenye kamba ndefu, isipungue mita 50, uitupe kutoka omo. Litajaa maji na kuushikilia uso wa chombo kwenye wimbi. Pale kamba inaposuguana na ubao, izungushie kitambaa. Injini ya nyuma iwashe ikusaidie, ila usiitegemee: wimbi likiinua tezi, pangaboi inazunguka hewani.

Upepo ukitoka bara, upande wa Usambara, unakusukuma kwenye Mlango wa Pemba wenye nafasi ya kilomita 50 hivi, na nafasi hiyo ni salama kuliko ufukwe. Ukitoka baharini, nyuma yako kuna miamba. Hapo tafuta kina kinachofikiwa na amari yako, yaani kamba ya nanga, utie nanga mapema. Maziwe usiifanye kimbilio. Ule mchanga unafunikwa maji yakijaa, na mawimbi yanavunjikia miamba yake.

Radi ikiwa karibu, mtu asiegemee mlingoti.

Hatua ya 5: Maji ngamani, chini kabisa ya chombo

Kidumu cha lita tano kilichokatwa kitako, kimefungwa uzi. Pampu ninazo na sizichukii, lakini pampu inaziba kwa ganda moja la chungwa. Fueni maji, yaani yatoeni chomboni, kwa zamu tangu mvua inapoanza. Maji yakikushinda, redio chaneli 16, taja jina la chombo, mahali ulipo na idadi ya watu, bila kungoja kwanza uone itakuwaje.

Hatua ya 6: Kutweka tena

Mvua ya aina hii mara nyingi inapita ndani ya saa moja, lakini wingu la pili huja nyuma yake, kwa hiyo tazama kote kabla ya kutweka. Kagua jarari yote kwa mkono, na abedari. Usiamini kwamba uko pale ulipokuwa: mkondo wa pwani hii unakwenda kaskazini, na saa moja ya kupelekwa inatosha kukupitisha lango lako. Kama unarudi Tanga na giza limeingia, usikisie mlango wa ghuba. Kaa nje kwenye kina mpaka uipate taa ya kisiwa cha Ulenge na uwe na hakika ni yenyewe. Simu ikishika mtandao, mpigie yule uliyemwachia majina, maana huenda keshaanza kutafuta boti ya kuwafuata.