Somo: Mbwa anayekimbia blenda, jenereta na kelele za nyumbani, hatua kwa hatua

Wiki hii nimeulizwa mara saba: mbwa wangu anakimbia blenda ikiwashwa, nifanye nini? Kila mara naandika majibu yaleyale, na kila mara nasahau kitu. Leo naandika yote mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Ninaishi Entebbe, nyumba ya mabati, na nina mbwa wa kienyeji, Chui. Nilimchukua akiwa na mwaka mmoja na nusu, kutoka kwenye ua ambako alishinda amefungiwa bandani kando ya jenereta. Blenda ikilia alikuwa anajikojolea palepale. Sasa nikisaga juisi analala mlangoni mwa jikoni. Kazi hiyo ilichukua miezi mitano, na zaidi ya mwezi mmoja niliupoteza kwa kosa langu mwenyewe. Nitalieleza kwenye hatua ya 6.

Lielewe hili kwanza. Mbwa anayekimbia kelele si mkaidi. Sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la mbwa hufika 45,000 hivi. Mota ndogo inaweza kutoa mlio mkali ambao wewe huusikii kabisa. Ukimchapa kwa kuogopa, atakuwa na vitu viwili vya kuogopa, mashine na wewe. Wengi hapa kwetu tunasema mbwa mlinzi hafai kuwa mwoga, halafu tunamkomaza kwa kiboko. Hakomai. Anajifunza kuuma bila kubweka kwanza.

Hatua ya 1. Anza kwa daktari wa mifugo, hasa kama mbwa mzima ameanza kuogopa ghafla. Maumivu ya sikio au ya viungo humfanya asivumilie kelele. Na kichaa cha mbwa kipo Uganda. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeshtuka kwa sauti na mwanga, anayetokwa udenda au kung'ata ovyo, usimguse na usimfundishe chochote. Mtenge, mwite daktari wa mifugo. Chanjo ni kila mwaka, tusisahau.

Hatua ya 2. Andika sauti zote anazoziogopa, kuanzia ndogo hadi kubwa. Anza na ile ndogo.

Hatua ya 3. Mpe mahali pa kujificha, chini ya meza au kona yenye blanketi, na mlango usifungwe. Akiingia huko, asifuatwe na mtu, mtoto wala mkubwa.

Hatua ya 4. Chagua chakula asichopata siku nyingine: maini ya kuchemsha, pafu, au mukene (dagaa) waliokaushwa. Vipande vidogo kama punje ya harage. Kisiwe na kitunguu wala chumvi.

Hatua ya 5. Punguza sauti mpaka aisikie bila kusumbuka. Blenda iwe chumba cha tatu, imekaa juu ya taulo lililokunjwa, milango imefungwa. Jenereta iwe ya jirani wa mbali. Mchi na kinu, mtu atwange polepole nyuma ya nyumba. Mtazame mbwa: akifyata mkia, akilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi, akihema bila joto, sauti ni kubwa mno. Akikataa chakula anachokipenda, umeshachelewa. Zima, sogea mbali.

Hatua ya 6. Sauti itangulie, chakula kifuate. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa natoa maini kwenye friji, namwonyesha Chui, anakuja, halafu nawasha blenda akiwa anakula. Nilifikiri utamu utamsahaulisha. Siku nne alikula. Siku ya tano alisimama mlangoni, akanusa, akarudi nyuma. Wiki ya pili nikigusa tu mlango wa friji anaingia chini ya kitanda. Nilikuwa nimemfundisha kwamba harufu ya maini maana yake blenda inakuja, na maini yenyewe yakawa kitu cha kutisha. Nililazimika kuacha kila kitu wiki tatu, nikabadili chakula, nikabadili chumba, nikaanza upya na mbwa aliyekuwa na hofu kuliko mwanzo. Bado inaniuma.

Utaratibu sahihi ni huu. Chakula kiwe tayari lakini kimefichwa, kwenye bakuli lenye kifuniko. Mtu mwingine awashe sauti sekunde mbili tatu. Sauti ikishaanza, ndipo umrushie kipande. Sauti ikizimwa, chakula kinakoma. Ngoja dakika moja, safari nyingine mbili, muda usilingane. Rudia mara sita hadi kumi, basi kwa siku hiyo. Itafika siku sauti italia na yeye, badala ya kutazama njia ya kutokea, atageuza kichwa akutazame wewe. Hiyo ndiyo alama unayoingojea. Bila alama hiyo usiongeze chochote.

Maonyo: usimvute kwa kamba kumpeleka kwenye mashine. Usimfungie chumbani na kelele "azoee". Usimtoe mafichoni kwa mkono. Mbwa aliyebanwa huuma, hata yule aliyekulamba asubuhi.

Hatua ya 7. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Sogeza mashine karibu, au ongeza muda, visiwe vyote siku moja. Akishtuka, rudi nyuma ngazi mbili. Siku zisizo za mazoezi, saga wakati hayupo karibu.

MASWALI

Wa Mutukula: Asante mwalimu. Kwa hiyo nimpe nyama kwanza, akitulia ndiyo niwashe?

Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 6, uisome yote.

Mama Pacha: Dada, mimi naambiwa nikimbembeleza akitetemeka nazidisha hofu. Huwa namwacha na moyo unaniuma.

Jibu: Mbembeleze, mama. Hofu si tendo analofanya ili alipwe. Ni kitu kinachompata. Mkono wako hauwezi kuiongeza. Akija kwako, kaa naye chini, mpapase taratibu kifuani, sema kwa sauti ya kawaida. Akipenda kukaa peke yake kwenye kona yake, mwachie. Kinachoongeza hofu ni wewe kushtuka pamoja naye.

Dereva wa Malaba: Miezi mitano nani anayo? Taja dawa ya usingizi nimpe yaishe.

Jibu: Sitaji dawa hapa. Zipo dawa zinazolegeza mwili tu, mbwa analala pale anasikia kila kitu, anaogopa vilevile ila hawezi kukimbia. Nje unaona ametulia. Na vidonge vya binadamu vinaweza kumuua.

Dereva wa Malaba: Nimeuliza tu, mbona ukali?

Jibu: Nimekuwa mkali kwa sababu ni uhai wa mnyama. Dawa nzuri za hofu zipo, na kwa mbwa aliyezidiwa zinasaidia sana mazoezi yaende. Ila daktari ampime uzito na moyo kwanza. Ukiwa Kampala, hata chuo cha mifugo cha Makerere wanatibu. Na miezi mitano ilikuwa ya Chui, aliyeumizwa. Wako anaweza kuchukua wiki chache.

Binti Arua: Nimerekodi jenereta kwenye simu, nimefanya wiki mbili, anakula vizuri hata sauti ikiwa ya juu. Jirani akiwasha ya kweli, anakimbia. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, na swali lako ni zuri. Spika ya simu ni ndogo, haiwezi kutoa ule mngurumo mzito wa chini, na kwa mbwa huo ndio jenereta yenyewe. Alichozoea ni mlio mwembamba. Unganisha simu na redio yenye spika kubwa, anza chini kabisa kana kwamba ni sauti mpya. Halafu hamia kwenye ya kweli ukiwa mbali, hata mita mia, ukisogea kidogo kidogo.

Kijana wa Jinja: Nina watoto wa mbwa watatu, wiki tano. Naweza kuzuia mapema?

Jibu: Umeuliza wakati wenyewe. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mtoto wa mbwa anaamua dunia ina vitu gani vya kawaida. Wakati wanakula, sufuria zigongane kwa mbali, geti lifunguliwe, redio iongee, kinu kitwange. Sauti ndogo, kila siku tofauti. Akishtuka mmoja, punguza, usicheke naye.

Mama Pacha: Na ngurumo? Mvua za Machi hadi Mei huwa tunakesha.

Jibu: Ngurumo ni ngumu, kwa sababu inakuja na mwanga, upepo na mtikisiko wa mabati, na hayo huwezi kuyarekodi. Kabla mvua haijaanza mwingize chumba cha ndani, funga mapazia, washa redio. Mazoezi fanya miezi mikavu.

Wa Mutukula: Sisi tunapaka odi, ile siagi ya karanga na simsim, kwenye kifuniko cha ndoo, anaramba mpaka mvua inakatika. Kuramba kunamtuliza.

Jibu: Nzuri sana hiyo, nitaijaribu. Odi ya nyumbani isiyo na chumvi wala sukari. Siagi ya karanga ya kopo kutoka nje, soma maandishi kwanza; yenye xylitol, aina ya kitamu cha kuwekwa badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa.

Binti Arua: Nimerudi. Nimetumia redio, sauti chini kabisa, siku ya nne leo. Ilipolia amesimama, halafu akageuka akanitazama usoni!

Jibu: Hiyo ndiyo. Mpe kipande, zima, na leo usiongeze sauti. Kesho rudia hivyohivyo.