Kupima Uwezo wa Kuzaa Nyumbani: Hatua kwa Wenzi Wanaotafuta Mtoto

Wenzi wengi ninaowahudumia huja mke akiwa amekwisha kujipima mara nyingi, ilhali mume hajapima chochote. Jambo hilo hunisikitisha, kwa sababu kasoro za upande wa mwanamume huchangia katika takriban nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mimba. Mwongozo huu basi ni wa wote wawili.

Hatua ya 1: Fahamuni mzunguko wa hedhi. Siku ambayo damu inaanza kutoka kwa kawaida yake, si matone ya awali, iandikeni kuwa siku ya 1, kisha mwendelee kuandika kwa mizunguko mitatu. Si kila mwanamke yai lake hutoka siku ya 14. Mara nyingi hedhi huja wiki mbili hivi baada ya yai kutoka, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 32 huenda yai lake likatoka karibu na siku ya 18.

Hatua ya 2: Pima kwenye mkojo homoni ya LH, ile inayopanda muda mfupi kabla ya yai kutoka. Chukua idadi ya siku za mzunguko wako mfupi zaidi, utoe 17, na jibu ndilo siku ya kuanza kupima. Kwa mzunguko wa siku 28, utaanza siku ya 11. Pima kila siku kwa saa ileile, na usinywe maji mengi muda mfupi kabla ya kupima, kwa kuwa mkojo mwepesi huficha homoni. Hapa ndipo wengi hukosea: katika kipimo cha mimba hata mstari hafifu huhesabiwa, lakini katika kipimo hiki cha vijiti mstari wa LH ni lazima ukolee sawa na ule wa kulinganishia au kuuzidi. Ukishakolea hivyo, yai hutarajiwa kutoka baada ya saa 24 hadi 36. Hata hivyo msingoje siku hiyo ndipo mkutane, maana yai huishi kwa saa 12 hadi 24 tu, na mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Mwanamke ambaye ovari zake zina vifuko vingi, kwa tatizo la homoni linaloitwa PCOS, anaweza kuona mistari iliyokolea mara kwa mara bila yai kutoka.

Hatua ya 3: Hakikisha kwa joto la mwili. Kipimo cha LH hueleza kwamba mwili unajiandaa. Joto ndilo linaloashiria kwamba yai limekwisha kutoka. Pima kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, kwa kipimajoto kinachoonyesha sehemu ndogo za nyuzi. Joto likipanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 na kubaki juu kwa siku tatu au zaidi, huenda yai limetoka.

Hatua ya 4: Mume apime shahawa. Ajizuie kumwaga shahawa kwa siku mbili hadi saba, azikusanye zote kwenye kikopo safi bila mate, kilainishi wala kondomu ya kawaida, kisha aziache ziyeyuke kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo ya kipimo, kwa kawaida nusu saa hivi. Vipimo vingi vya nyumbani huhesabu wingi wa mbegu peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, liliweka kiwango cha chini cha rejea kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita, lakini mbegu nyingi zisizoogelea vizuri hazisaidii. Jibu likiwa baya, apime tena baada ya miezi mitatu hivi, hasa kama alikuwa na homa kali, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Anayetumia sindano za testosteroni amweleze daktari, kwani dawa hizo huweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu.

Hakuna kipimo cha nyumbani kinachoonyesha kama mirija ya uzazi imeziba. Kwa hiyo, hata majibu yote yakiwa mazuri, mwanamke aliye chini ya miaka 35 amwone daktari baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, na aliyefikisha 35 baada ya miezi sita. Mwenye hedhi isiyotabirika, aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, au mwanamume ambaye korodani zake hazikushuka utotoni, asisubiri hata muda huo.